Shavu Kabla ya Sabuni

Saa tisa ya mchana ikishapita, Bubu Unaisi, na bubu kwetu ni bibi, hana kazi na mtu. Hata kama yuko katikati ya kumenya muhogo, atauacha hapo hapo, atajifuta mikono kwenye sulu aliyojifunga kiunoni, atatoka barazani na kukaa upande ule unaoonesha barabara. Watoto wa mtaa wetu wa Makoi wanapita makundi makundi, ndala mkononi, wanarushiana maneno, na kila kundi linamsalimu. Anawaitikia wote, ila macho yake yako kwenye geti lake mwenyewe.

Pembeni ya geti hilo, chini ya mlimau, kuna kreti la soda lililogeuzwa kifudifudi, na juu yake ndoo ya rangi iliyotobolewa ikawekwa koki. Koki imekufa kitambo. Ndani ya ndoo siku hizi kuna mchaichai. Soksi ndefu ya nailoni bado imefungwa kwenye nguzo, imekauka, haina hata chembe ya sabuni, na ole wako uiguse. Losana, mjukuu wake, aliwahi kutaka kuitupa alipokuwa anafagia uwanja. Aliambiwa maneno hadi akajuta kushika fagio.

Losana sasa ni msichana, anakaribia kumfikia bibi yake begani. Anaingia, anatupa mkoba, anatoa shavu haraka haraka kama mtu anayelipa nauli, halafu huyo, kapotea na simu yake. Kaka yake Inoke yuko shule ya bweni, kisiwa kingine, anarudi likizo na vindevu vya kuhesabika na maringo yasiyohesabika. Wa mwisho kufika jioni ni mama yao, Alumita, mkwe wa Unaisi, anayefanya kazi hospitali. Huyo haingii ndani kabla hajainama pale barazani na kutoa shavu linuswe. Majirani walishazoea. Zamani walinong'ona, maana mkwe na mkwe kunusana namna ile, tena kila siku ya Mungu, kwetu si kawaida.

Ukimkuta Unaisi siku ana maneno, atakwambia bila haya kwamba anaukumbuka mwaka wa ndoo. Watu wanamwona kama amerukwa na akili. Mwaka ule? Mwaka wa barakoa na makaburi mapya? Huo huo, anasema. Anaukumbuka na anautamani.

Ili umwelewe lazima nianzie puani, maana maisha ya mwanamke huyu yote yako puani. Sisi salamu yetu ya damu haiko mkononi. Unamwekea ndugu yako pua shavuni, unavuta pumzi, basi, mmesalimiana. Wengine wanafanya kutimiza wajibu tu. Unaisi alikuwa anafanya kama polisi. Kabla ya korona, Inoke akirudi shule alikuwa anavutwa shavu na kesi yake inasomwa papo hapo.

"Umeoga kijitoni."

"Hapana, Bubu!"

"Umeoga kijitoni, kule chini wanakonywesha ng'ombe, halafu ukapita kwa Mama Kamla ukala ukwaju kwa chumvi. Haya, bisha."

Inoke habishi. Angebisha nini? Losana naye, akiwa bado mdogo wa chekechea, alikuwa anakuja mwenyewe mbio na shavu mbele. "Ninuse, Bubu, nimefanya nini leo?" Unaisi anavuta pumzi, anafumba macho, anakawia makusudi. "Umelia kidogo asubuhi. Halafu mtu akakupa biskuti." Mtoto anabaki mdomo wazi.

Mumewe, Apakuki, ambaye wajukuu walimwita Tai, yaani babu, alikuwa na harufu ambayo Unaisi angeweza kuitambua gizani katikati ya kijiji kizima. Jasho la shamba, moshi wa kuni, tumbaku ya kukunja, na juu ya vyote hivyo mafuta ya nazi yaliyolowekwa maua ya langilangi. Mafuta hayo Unaisi aliyatengeneza mwenyewe, na kila Jumamosi jioni Apakuki alikaa chini mkekani, mgongo kwenye magoti ya mkewe, akapakwa kichwani na nyuma ya masikio kwa ajili ya kanisa la kesho yake. Ni yeye tu aliyekuwa na ruhusa. Kichwa cha mzee kwetu hakiguswi ovyo, na mkwe ndiyo kabisa. Alumita akipita nyuma ya baba mkwe wake aliyekaa, alipita ameinama na kuomba radhi. Siku Losana alipokuwa mchanga akakamata nywele za babu yake na kuzivuta kwa nguvu zote, Alumita alitaka ardhi ipasuke. Apakuki peke yake ndiye aliyecheka.

Na kati ya Alumita na Unaisi mambo yalikuwa hivyo hivyo, ya heshima. Si kwamba walichukiana. Unaisi alilelewa kijijini ambako mkwe na mkwe hawapigi soga, na alipohamia mjini alikuja na adabu zake zote. Basi wanawake wawili waliishi nyumba moja, jiko moja, na wakazungumza kupitia kwa watoto. Eroni, mume wa Alumita, alikuwa Australia akichuma matunda. Alienda kwa msimu mmoja, mipaka ikafungwa, akakwama huko. Kwa hiyo hata wa kuwapatanisha hakuwepo.

Korona ilipoingia Makoi kwa kishindo, Apakuki alikuwa wa mwanzo mwanzo. Ilikuwa sala ya jioni, akaanza kuomba vizuri tu, pumzi ikamkatikia njiani. Jumamosi iliyokuwa imepita alikuwa amepakwa mafuta yake kama kawaida. Gari likaja kumchukua na Unaisi akabaki kitandani, homa imempanda, kifua kinapiga filimbi. Hawakuonana tena. Alizikwa na watu wachache waliovaa plastiki, jeneza limefungwa kabisa. Hakuna mikeka iliyotandikwa, hakuna wazee waliokuja na maneno yao, na hakuna mtu aliyeinama kumnusa marehemu kama tunavyowanusa wafu wetu.

Hilo la mwisho ndilo lililomkata maini Unaisi. Kufa, alisema, watu wote wanakufa. Lakini mume wake ameondoka kama mzigo, hata shavu moja halikumuaga. Na kulikuwa na jambo jingine aliloliweka moyoni wala hakumwambia mtu. Alumita ni mhudumu wa wodi pale pale hospitali. Anapiga deki, anasukuma vitoroli, anabeba mashuka. Alikuwepo. Na aliporudi nyumbani aliwaambia watoto, "Mwambieni Bubu, Tai amelala salama," akaenda kuoga. Basi. Mtu alikuwepo, na hakuleta hata neno la ziada.

Kilichobaki cha Apakuki kilikuwa jezi. Jezi ya zamani ya raga, mistari myeusi na myeupe, ile aliyokuwa anaendea shamba na ambayo haikuwahi kufuliwa ikatakata. Unaisi aliikuta imetundikwa nyuma ya mlango, akaiweka ndani ya mfuko wa nailoni, akaufunga kwa kamba na kuusukuma chini ya godoro. Jumamosi jioni, saa ile ile ya mafuta, aliufungua kidogo, akaingiza pua, akafunga haraka. Alikuwa na mkono wa birika kwa harufu ile. Alijua kila akifungua, kidogo kinatoka na hakirudi.

Shule zilipofunguliwa mwaka uliofuata, Alumita alitunga sheria. Aliitangaza baada ya sala ya jioni, amesimama, watoto wamekaa mkekani, Unaisi yuko kitini anajifanya anashona.

"Inoke, mwambie Bubu, kuanzia kesho hakuna mtu kupita mlimau kabla hajanawa."

Bubu alikuwa karibu kiasi kwamba angeweza kumkanyaga mguu.

"Bubu, Mama anasema..."

"Masikio yangu hayajaugua. Mwambie mama yako nimesikia."

"Mama, Bubu anasema..."

"Nimesikia. Mwambie viatu vinabaki nje. Nguo za shule zinaingia kwenye beseni hapo hapo, hazikanyagi ndani. Mnaoga, mnasukutua maji ya chumvi, mnapiga nyungu, ndiyo mnakula. Na mwambie..." Hapa Alumita alisita. "Mwambie kunusana ndiyo basi, mpaka nitakaposema. Kifua chake bado."

Inoke, mtoto wa mdomo, akageuka na sura ya mchungaji. "Bubu, Mama anasema pua yako imefanya kazi miaka mingi, sasa iende likizo."

"We Inoke!"

Losana alicheka hadi akabingirika. Unaisi aliinama kwenye sindano yake na hakuinua uso, kwa sababu angeinua wangemwona anacheka na yeye.

Lakini ngoja nikwambie kilichotokea kuhusu sheria ile. Ilianza kama adhabu na ikageuka sherehe. Ifikapo saa tisa Unaisi alikuwa ameshachemsha sufuria ya majani ya mlimau na mchaichai, ameshajaza ndoo, amekaa ukingoni mwa baraza kama jemadari. Watoto wanaingia getini na barakoa zimeshuka kidevuni.

"Inoke, koki! Fungua kidogo, hayo maji ya lori, siyo ya baba yako!"

"Bubu, nanawa!"

"Unanyunyiza. Kunawa nakujua. Sabuni ipite hadi kwenye kiwiko. Losana, kucha! Inua juu nizione!"

Losana anasimama chini ya mlimau, mikono juu, vidole vimetanuka, povu linamtiririkia kwapani. Sabuni ya mche ilikuwa inakaa ndani ya ile soksi ya nailoni ili isipotee, na yeye alipenda kuibembeza kwenye nguzo hadi imgonge kaka yake. Nguo zinavuliwa, zinaingia beseni. Halafu kunakuja mbio za taulo, kutoka mlimau hadi bafu la nyuma, na wasichana wa nyumba ya pili walikuwa wanasimama uzioni makusudi kumhesabia Inoke mwendo. "Kimbia, bwana harusi!" Inoke alikuwa anafika bafuni masikio yamewaka moto.

Kusukutua nako kulikuwa na mambo yake. Watoto waligundua kwamba ukijaza maji ya chumvi kooni unaweza kuimba wimbo wa kanisani, na Losana kila mara alifika kwenye kiitikio akacheka, akameza yote, akatoa macho. Mwisho nyungu. Sufuria katikati, blanketi juu, watoto wawili chini yake, na ugomvi unatoka pamoja na mvuke.

"Bubu! Inoke kajamba humu!"

"Hiyo nayo ni dawa. Jikaze kisabuni."

Wakitoka hapo nyuso zimelainika, wanang'aa, wanakaa upande wao wa mkeka na bibi yao upande wake. Chai ya majani ya mlimau, muhogo wa kuchemsha, siku nyingine mikate ya kukaanga. Na kwa kuwa pua ilikuwa likizo, Unaisi akalazimika kuuliza. Tangu aanze kuwalea hajawahi kuwauliza kitu kuhusu shule, alikuwa anawanusa tu na kujua. Sasa akauliza, nao wakajibu, na kumbe walikuwa na mengi. Inoke alimwambia kwamba anaogopa hesabu. Losana alimwambia kwamba mwalimu wake amefiwa na mama na anafundisha huku anasahau maneno. Hakuna aliyekuwa na haraka. Hakuna kanisa la jioni, hakuna mazoezi, hakuna pa kwenda. Jua linashuka nyuma ya mlimau na wao bado wanaongea. Sasa unaona kwa nini anautamani.

Siku ya mkosi Losana aliingia getini peke yake, analia. Inoke alikuwa amebaki nyuma na wenzake. Mtoto hakwenda kwenye ndoo. Alikaa kwenye benchi chini ya mlimau, mkoba bado mgongoni, kamasi imechuruzika hadi kwenye barakoa.

"Umefanyaje, mama?"

"Nimekohoa darasani."

"Halafu?"

"Wakaniita Korona. Mapumziko yote wananikimbia. Hata Ana, rafiki yangu Ana!"

"Haya, nawa uso, mama, uje."

"Sinawi! Hata wewe hunitaki. Hata wewe unakaa kule."

Unaisi alisimama. Alifika ukingo wa baraza, akashuka ngazi ya kwanza, kifua chake mwenyewe kikampigia filimbi kumkumbusha. Nakwambia alikuwa ameshika nguzo kwa mikono miwili asije akakimbia. Halafu akageuka akaingia ndani. Alivuta ule mfuko chini ya godoro, akaufungua, akavuta pumzi moja, na hakuufunga. Akarudi barazani na jezi ya Apakuki, akaikunja kuwa mpira na kuirusha hadi kwenye benchi.

"Shika. Huyo Tai wako. Mnuse yeye, yeye haugui tena."

Losana aliivaa juu ya gauni la shule. Ikamfika magotini. Akaingiza pua kwenye kola, akatulia, akavuta tena. Kilio kikapungua kikawa kwikwi, kwikwi ikawa usingizi. Unaisi alimtazama kutoka barazani na alifurahi, asikudanganye mtu. Alijisikia kama wamemkumbatia wakiwa wawili, yeye na mume wake.

Ndipo lori la maji lilipopiga honi. Bomba lilikuwa limekauka tena tangu wiki iliyopita na lori halimsubiri mtu. Unaisi alibeba ndoo zake mbili, akafunga geti polepole mtoto asiamke, akaenda kupanga foleni. Foleni ilikuwa ndefu, na watu wakapigana vikumbo juu ya nani alitangulia.

Aliporudi, harufu ya jiki ilimfikia akiwa bado barabarani.

Alumita alikuwa ametoka kazini mapema. Alimkuta mtoto amelala na nguo za shule, hajanawa, na juu ya nguo za shule amevaa nguo iliyotoka ndani ya nyumba. Sheria ni sheria. Losana alikuwa ameshaogeshwa, yuko kwenye taulo anapiga miayo, na mama yake amechutama mbele ya beseni, mikono imezama kwenye povu hadi viwikoni. Maji yalikuwa meusi. Mistari ya jezi ilionekana ikipanda na kushuka, myeupe sana, ambayo haikuwa myeupe miaka yote ile.

"Losana," Alumita alisema bila kuinua macho, kama adabu inavyotaka, "mwambie Bubu ahsante kwa maji."

Unaisi aliweka ndoo chini. Alipita, akaingia ndani, akafunga mlango.

Watu wanadhani nyumba ikigombana lazima isikike. Hii haikusikika. Unaisi aliendelea kuchemsha majani ya mlimau na kujaza ndoo, ila hakuita kucha wala koki. Alumita akituma ujumbe kwa watoto, ujumbe unafika na haurudi. "Bubu, Mama anauliza kama umekula." Kimya. Inoke aliyezoea kutia chumvi kila neno akakosa neno la kulitia chumvi. Watoto wakanawa kimya kimya chini ya mlimau, na wasichana wa uzioni wakaondoka, hakukuwa na cha kutazama.

Jumamosi jioni, saa ya mafuta, Unaisi alichukua jezi iliyokwisha kukauka na kuingiza pua kwenye kola. Limau. Jiki. Jua. Alitafuta kwapani, alitafuta kwenye mshono, aliigeuza nje ndani. Hamna. Akalia kwa sauti kama ambavyo hakuweza kulia ile siku ya mazishi alipokuwa na homa. Kwake yeye, Apakuki alikufa Jumamosi ile.

Losana alisikia kupitia ukutani. Akamfuata mama yake jikoni.

"Mama. Ulimfua Tai."

"Nini?"

"Kwenye ile jezi. Tai alikuwa humo ndani. Bubu alikuwa anamnusa kila Jumamosi, akanipa na mimi, ukamfua."

Alumita alikaa chini kwenye sakafu ya jiko, mwiko bado mkononi. Muhogo uliungua siku hiyo.

Jumatatu watoto walikuwa chini ya blanketi la nyungu wakati Alumita alipofika kutoka zamu ya asubuhi. Hakufungua geti. Alisimama nje, na sare yake ya kazini, mikono ameiacha mbali na mwili kama mtu aliyeshika kitu kichafu.

"Mama," aliita.

Unaisi aligeuka kutafuta mtoto. Hakuna mtoto, ni blanketi tu linalofuka mvuke.

"Mama, nasema na wewe."

Unaisi aliinuka polepole na kufika ukingo wa baraza.

"Jezi nimeifua mimi. Sikujua. Lakini nisikudanganye, hata ningejua labda ningeifua tu, maana naogopa, Mama. Naogopa hadi matambara. Ni mimi niliyekuwa natoka wodini kila siku narudi hapa. Kama kuna mtu aliuingiza ugonjwa humu, ni nani mwingine?"

"Nani amekuuliza hayo?"

"Hakuna aliyeniuliza. Ndiyo maana naosha."

Alumita akasogea hatua moja karibu na geti.

"Na kuna jingine. Ukitaka kunifukuza baada ya hapo, nitafunga vitu vyangu. Siku ile Tai alipotutoka, ilikuwa zamu yangu. Nilikuwa napiga deki. Nesi akaniambia, mzee wenu amekwenda, msalimie haraka kabla hawajamfunga kwenye mfuko. Nikasimama pale nimwombee. Nikawaza, hakuna mtu aliyemnusa. Eroni yuko mbali, wewe unaumwa, na huyu anaenda hivi hivi." Akaitazama mikono yake. "Nikashusha barakoa. Nikamshika kichwa, Mama. Kwa mikono yangu miwili, kichwa cha mkwe wangu. Nikamnusa. Kwa niaba yako, na ya Eroni, na ya watoto. Nikamnusa sana. Halafu nikarudi nyumbani nikaona aibu, nikaona hofu, nikashindwa kukwambia."

Chini ya blanketi watoto walikuwa wakigombania nafasi.

"Ulishusha barakoa?" Unaisi aliuliza.

"Nilishusha."

"Mle wodini?"

"Mle mle."

"Wewe unayewasukutulisha watoto chumvi hadi midomo inababuka."

"Mimi huyu huyu, Mama."

Unaisi alishuka ngazi ya kwanza.

"Alikuwa ananukaje?"

Alumita alifumba macho. Hakuharakisha.

"Dawa," alisema. "Plastiki. Ile sabuni yao ya pale. Lakini hapa," akagusa nyuma ya sikio lake mwenyewe, "hapa ilikuwa langilangi. Yale mafuta yako ya Jumamosi. Walimwosha na sabuni yao yote ile, haikuyatoa."

Unaisi alishuka ngazi zilizobaki. Alipita ndoo, alipita mlimau, akafungua geti. Alumita akarudi nyuma.

"Mama, hapana, sijanawa. Ndiyo natoka wodini sasa hivi."

"Najua ulikotoka."

Akamshika kichwa mkwewe kwa mikono yote miwili, akamteremshia barakoa, akaweka pua shavuni mwake na kuvuta pumzi hadi kifua kikapiga filimbi, akavuta tena. Alumita aliachia mikono iliyokuwa angani, akamkumbatia, na wote wawili wakalia pale pale nje ya geti, mbele ya barabara nzima ya Makoi.

Kona ya blanketi iliinuka barazani, na kichwa cha Losana kikachomoza.

"Inoke! Inoke, chungulia uone! Bubu! Bubu, Mama hajanawa!"

"Rudi kwenye nyungu yako," alisema Unaisi, bila kuinua pua.